Maswali ya Wasomaji: Pistili, Bastola na Mchi

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari. Kila ninapotoa mtihani kuhusu maua, baadhi ya wanafunzi huandika "pistol" badala ya "pistil", na wengine huandika "pestle", neno walilolikuta katika orodha ya vifaa vya maabara. Nikiwasomea imla, makosa huzidi. Je, nifanye nini ili wayatofautishe pasipo kukariri tu?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, imla haitawasaidia, kwa sababu katika matamshi ya kawaida ya Kiingereza "pistil" na "pistol" hutamkwa sawasawa, na herufi "t" iliyomo katika "pestle" wasemaji wengi hawaitamki kabisa. Sikio halipati pa kushika, hivyo ni lazima tuwarudishe wanafunzi kwenye maana.

Pistili ni sehemu ya kike ya ua. Jina hilo limetokana na neno la Kilatini "pistillum", yaani mchi wa kutwangia, kwa kuwa wataalamu wa mimea wa zamani waliona kwamba sehemu hiyo, ikisimama katikati ya petali, inafanana na mchi uliosimama ndani ya kinu. Neno "pestle" limetoka katika Kilatini hichohicho, ila lilipitia Kifaransa cha kale kabla ya kuingia Kiingereza. Mwanafunzi anayeandika "pestle" amekosea, lakini amekosea ndani ya ukoo mmoja. Hata pistoni ya injini, ambayo mafundi wetu wa magari wanaifahamu vyema, ni ya ukoo huo wa kutwanga. Mgeni hapa ni "pistol", yaani bastola, neno ambalo wanaisimu wengi hulirejesha kwenye neno la Kicheki lenye maana ya filimbi au bomba, lililopewa bunduki ndogo katika vita vya wafuasi wa Jan Hus, mhubiri wa Kicheki, katika karne ya 15. Kwa maoni yangu, mwanafunzi akishaijua nasaba hii hatahitaji kukariri tahajia, kwa maana atajua kwamba bastola haina nafasi katika ua.

Hata hivyo, historia ya neno peke yake haitoshi. Ua lenyewe lazima lipasuliwe. Chukua haibiskasi, lile ua jekundu linalopandwa uani lenye kijiti kirefu kinachochomoza katikati. Kwenye ncha ya kijiti utaona vichwa vitano vidogo vya mviringo: hizo ndizo stigma, zinazopokea chavua. Chini yake kuna stameni nyingi, yaani sehemu za kiume za ua, zenye chavua ya manjano, zilizojipanga kuzunguka mrija. Upasue mrija huo kwa wembe, taratibu, kutoka juu hadi chini, nawe utaona uzi mwembamba uliopita ndani yake mpaka kwenye ovari, yaani kifuko cha mbegu changa, ambayo ukiikata kwa upana huonyesha vyumba vitano. Stigma, uzi huo na ovari kwa pamoja ndiyo pistili. Mwanafunzi aliyeishika kwa mkono wake na kuichora huwa na sababu ya kuliandika jina lake vizuri. Wale wa pwani waonyeshwe pia zafarani ya pilau, kwani nyuzi zake nyekundu si kitu kingine ila stigma zilizokaushwa, tatu kwa kila ua.

Kwa kuwa umegusia maua, watahadharishe pia kuhusu "stamen" na "stamina". La pili ni wingi wa la kwanza katika Kilatini, ambako "stamen" ni uzi wa mtande wa mfumaji. Kiingereza kimelipa "stamina" maana ya ustahimilivu, kwa hiyo katika jibu la mtihani wingi uandikwe "stamens".

Jozi ngumu kuliko zote ni "carpel" na "carpal". La kwanza ni kapeli, yaani kipande kinachounda pistili, kikiwa peke yake au kikiwa kimeungana na vingine. La pili huhusu mifupa 8 ya kifundo cha mkono. Yote mawili yametoka katika Kigiriki, kwenye maneno mawili yenye umbo moja, "karpos", moja likiwa na maana ya tunda na jingine kifundo cha mkono. Hapa asili haiyatenganishi maneno haya kwa herufi, na sioni njia nyingine isipokuwa kuwaambia wazi kwamba lenye "e" ni la ua na lenye "a" ni la mkono.