Logi zimenyamaza baada ya kuongeza maktaba: anza na kilichomo ndani ya seva

Mkuu, umesema programu yenu ya Java iliyo ndani ya Tomcat (seva inayoendesha programu za Java) ilikuwa ikiandika logi (kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu) vizuri, mkaongeza maktaba ya kutengeneza ripoti za PDF, na tangu hapo logi zinaonekana kwenye kompyuta yako lakini kwenye seva faili limekauka. Umeshahariri logback.xml, faili la mipangilio ya logi, mara kadhaa, wapi. Naomba uliache hilo faili kwa sasa, sidhani kama lina kosa.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi Kijitonyama ilikuwa na mfumo wa kupokea malipo ya simu. Mwisho wa mwezi mmoja mteja wetu mwenye duka Kariakoo akapiga simu: mnunuzi ameshalipa, ujumbe wa muamala anao, lakini mfumo wetu unaonyesha bado anadaiwa. Nikafungua logi nitafute namba ya muamala. Mstari wa mwisho ulikuwa wa siku tatu nyuma, dakika tulipoweka toleo jipya. Siku tatu za pesa za watu zimepita na hatukuandika hata neno. Tulikesha tukilinganisha taarifa ya kampuni ya simu na hifadhidata yetu, muamala mmoja baada ya mwingine. Tangu usiku ule nikiona mtu anasema logi tutazishughulikia baadaye, naumia.

Chanzo kilikuwa hiki. SLF4J ni tarishi, haina kalamu. Inapokea ujumbe kutoka kwenye msimbo wako na kuupeleka kwa karani anayeandika: Logback, Log4j au mwingine. Karani anatakiwa awe mmoja. Sisi tulikuwa na Logback. Maktaba mpya, ya zamani kidogo, ikaja na slf4j-log4j12 (kiungo kinachompeleka tarishi kwa Log4j 1) na Log4j 1 yenyewe ndani ya mzigo wake, tukawa na makarani wawili. Kwenye seva akachaguliwa Log4j 1, ambaye hakuwa na faili lolote la mipangilio. Akaandika malalamiko yake kwenye catalina.out, faili la ujumbe wa Tomcat yenyewe: `log4j:WARN No appenders could be found for logger`, kisha kimya.

Mbona kwenye kompyuta yangu ilikwenda sawa? Kwa sababu hakuna kanuni ya nani atashinda. Maelezo ya SLF4J yenyewe yanasema chaguo hilo lihesabiwe kuwa la kubahatisha: linategemea ni jar (faili la maktaba ya Java) ipi imeonekana kwanza, na mpangilio huo unaweza kubadilika kutoka mashine moja hadi nyingine. Kwa hiyo "kwangu inafanya kazi" si ushahidi wa chochote hapa.

Fungua catalina.out, nenda pale seva ilipowaka mara ya mwisho. Tafuta `Class path contains multiple SLF4J bindings` (kwenye SLF4J 2 neno la mwisho ni `providers`). Chini yake kuna mistari inayotaja kila jar iliyoonekana, halafu mstari wenye neno `Actual`, na huo ndio unaokutajia aliyeshinda. Watu wengi huona maandishi haya, wakaona programu imewaka, wakaendelea na kazi. Tafadhali usiyapite.

Kisha orodhesha kilichopo kweli kwenye seva, ndani ya WEB-INF/lib, folda la maktaba za programu. Usiangalie mradi wako, angalia seva:

`ls WEB-INF/lib | grep -iE 'slf4j|log4j|logback|logging'`

Ukishamjua mgeni, rudi kwenye mradi uone nani kamleta, kwa Maven, zana ya kujenga mradi:

`mvn dependency:tree -Dincludes=org.slf4j,log4j,ch.qos.logback`

Ndani ya pom.xml, faili linaloorodhesha maktaba za mradi, mwondoe kwa `exclusion` chini ya maktaba iliyomleta. Lakini uwe mwangalifu: kama maktaba hiyo inaiita Log4j 1 moja kwa moja, ukiiondoa tu utapata NoClassDefFoundError, yaani msimbo unaohitajika haukupatikana. Weka log4j-over-slf4j mahali pake, ni daraja linalorudisha ujumbe kwa SLF4J. Na daraja hilo lisikae kamwe pamoja na slf4j-log4j12. Mmoja anapeleka kwa mwenzake, mwenzake anarudisha, mpaka StackOverflowError.

Hapa sasa ndipo tulipopoteza siku nyingine nzima. Tulirekebisha pom.xml, tukajenga upya, tukapeleka, na tatizo likabaki palepale. Aliyekuwa akipeleka toleo alikuwa akinakili mafaili mapya juu ya folda la zamani. Kunakili hakufuti: jar tuliyoiondoa kwenye mradi ilikuwa bado imekaa WEB-INF/lib. Simamisha Tomcat, futa folda lote la programu, weka WAR mpya (kifurushi cha programu), washa. Baada ya hapo tuliongeza maven-enforcer-plugin na kanuni yake ya `bannedDependencies` ikitaja slf4j-log4j12, ili ujenzi wenyewe ugome mtu akiirudisha bila kujua. Ningekushauri uifanye leo leo.

Kama huoni makarani wawili bali unaona `No SLF4J providers were found`, hilo ni jingine: karani hayupo kabisa, au matoleo hayaendani. SLF4J 1.7 inakwenda na Logback 1.2. SLF4J 2.0 inataka Logback 1.3 kama mko Java 8, au 1.4 na kuendelea kama mko Java 11 au zaidi. Ukipandisha slf4j-api (jar ya tarishi mwenyewe) peke yake, tarishi hamtambui karani wa zamani na ujumbe wote unatupwa. Walio kwenye Spring Boot (mfumo wa kuundia programu za Java) wana nafuu kidogo: ikikuta Logback ipo lakini mwingine kashika kalamu, inagoma kabisa kuwaka. Bora hivyo kuliko kimya.

Na mkishaorodhesha, angalieni log4j-core (jar kuu ya Log4j 2) pia. Desemba 2021 ulipotangazwa udhaifu wa Log4Shell, CVE-2021-44228, ulioyagusa matoleo ya Log4j 2 hadi 2.14.1, kuna timu zilizoshindwa kujibu swali dogo tu: je, tunayo? Log4j 1 nayo iliachwa kutunzwa tangu 2015. Kama ndiyo iliyoletwa na maktaba yenu ya PDF, msiibakize kwa kuwa tu inaandika.

Kama kuna anayesoma hapa na anaandika maktaba za kutumiwa na wengine: tegemea slf4j-api peke yake. Uchaguzi wa karani ni wa mwenye programu. Yule aliyetufungia Log4j ndani ya maktaba yake hakujua kuna muuza duka Kariakoo angelala na deni lisilo lake.

Ukimaliza ile amri ya `ls`, bandika hapa majina yote pamoja na namba za matoleo, na ile mistari ya catalina.out. Nitaipitia jioni nikitoka kazini.