Mtoto wa miaka 4 haongei vizuri na PP1 wanamkataa

Dada, umesema kijana ana miaka 4, maneno hayajatoka vizuri na mwalimu wa PP1, darasa la kwanza la chekechea, anataka umtoe. Usikimbilie shule za kulipia bado. Anza na EARC, hicho ndio kituo cha serikali hapa Kenya cha kupima watoto wanaohitaji msaada wa kusoma, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu watakuonyesha kiko wapi, mara nyingi kiko ndani tu ya shule ya msingi ya umma. Pale wanaangalia vile anasikia, anaongea, anacheza na kuelewa, alafu wanaandika ripoti na kupendekeza mahali: darasa la kawaida akisaidiwa, yuniti maalum (darasa la watoto wenye mahitaji maalum) ndani ya shule ya kawaida, ama shule maalum kabisa. Kwa umri wake mimi ningesukuma hizo mbili za kwanza, bweni hapana, bado mdogo sana huyo. Na masikio yapimwe hospitali kabla majirani waanze kukwambia ni otizimu (usonji), wengine shida ni kusikia tu. Ukienda kuona yuniti uliza kama mwalimu amesomea elimu maalum, ana watoto wangapi, na nani huwapeleka choo. Ripoti piga kopi, orijino usiachie mtu.