Kilwa ipi? Majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu safari ya Kilwa, maswali hayajakatika. Nimechagua haya, mengine kwa sababu ni mazuri, mengine kwa sababu nimechoka kuyaona yakirudi.

Tunakuja Kilwa wikiendi. Kutoka stendi hadi magofuni ni dakika ngapi kwa miguu? – Msomaji, Kinondoni

Kilwa ipi? Kila msimu wapo watu wanaoshuka Kivinje na kuuliza jumba la sultani liko wapi. Kilwa ni tatu. Kilwa Masoko ndiyo makao ya wilaya, na basi la kutoka Dar hufika huko baada ya kukata kushoto pale Nangurukuru. Kilwa Kivinje ni mji wa karne ya 19: bandari ya misafara ya watumwa, kisha boma la Wajerumani. Huko ndiko Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alikonyongwa mwaka 1895, na Mwembe Kinyonga, mti alikonyongewa, bado watu wanautaja. Kilwa Kisiwani ndiyo mji mkuu wa masultani, na jina lenyewe limeshakwambia: iko kisiwani. Hakuna kwenda kwa miguu. Unaanzia ofisi ya serikali pale Masoko, unalipa, unapewa kibali, unapata mwongozaji, ndipo unashuka kwenye mashua.

Usikubali kuvushwa bila kibali na mtu aliyekudaka stendi. Utavuka kweli, lakini ukifika huna haki ya kuingia popote, na fedha yako haijaingia hata senti moja kwenye kuzitunza zile kuta.

Siku moja inatosha? – Wanandoa, Arusha

Kwa Kisiwani inatosha, mkivuka asubuhi na mapema. Songo Mnara ipeni siku yake. Ni kisiwa kingine, kina nyumba na misikiti ya karne ya 14 hadi ya 16, na safari yake ya maji ni ndefu zaidi. Wanaobanana na vyote viwili kwa siku moja hurudi na picha tu.

Hoteli nzuri ya kulala hukohuko Kisiwani ni ipi? – Msomaji, Nairobi

Lala Masoko.

Mbona mnatukuza majengo ya Waarabu wakati sisi tuna historia yetu? – Mwanachuo, Dodoma

Kijana wangu, nani alikwambia ni ya Waarabu? Waomani waliishika Kilwa mwishoni mwa karne ya 18. Wakati huo Msikiti Mkuu ulikuwa umeshapita miaka 600. Ulianzishwa karne ya 11, na baadaye ukaongezwa upande wa kusini, ule wenye nguzo, matao na kuba ambao picha zake unaziona kila mahali. Kilichobeba mkono wa Waomani ni Gereza, ngome ya ufukweni, nayo iko pale Wareno walipojenga ngome yao mwaka 1505 na kuiacha mwaka 1512.

Ukifika, ingia katika nyumba yoyote ya mawe ukapime chumba kwa hatua zako. Utakikuta kirefu na chembamba. Dari lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake. Upana wa chumba ukaamuliwa na mti. Kuta ni mawe ya matumbawe. Chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa. Mapambo ya kibla yalichongwa katika matumbawe laini yaliyotoka baharini yakiwa bado mabichi, maana yakishakauka ni magumu na patasi inateleza. Kazi hiyo inataka mtu anayeyajua maji haya na misitu hii ya mikoko.

Sisemi hakuna aliyekuja. Tarihi ya Kilwa, yaani habari za kale za masultani wake, inamsimulia Ali bin Hasan, mwana wa sultani wa Shirazi huko Uajemi, aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka chote. Na mwaka 2023 ulitolewa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao wakiwa wamezikwa katika miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ulionyesha kwamba kwa wengi wao zaidi ya nusu ya asili ni ya Kiafrika, hasa kwa upande wa mama, na kwamba wanaume waliotoka ng'ambo walikuwa zaidi wa asili ya Uajemi. Asili ya Uarabuni inaongezeka baadaye. Waliokuja walioa hapa, watoto wakalelewa kwa lugha ya mama, na lugha hiyo ndiyo uliyoniandikia.

Niliwahi kuvuka na kundi lililokuja na mwongozaji wake kutoka Dar. Alisimama katikati ya nguzo akawaambia, "Hapa ndipo Waarabu walipokuwa wakiswali." Mzee mmoja wa kijijini alikuwa akipita na ndoo yake. Alisimama, akasikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Na sisi tulikuwa wapi?" Ndiyo maana nasisitiza kila mwaka: chukueni mwongozaji wa Kilwa. Kisiwani si magofu matupu. Ni kijiji, watu wanalala na kuamka pale, na mnapopita kati ya nyumba zao semeni hodi na salamu kama mnavyofanya kwenu.

Mwaka jana niliokota sarafu ndogo ya shaba ufukweni Kisiwani. Nikiiuza naweza kupata shilingi ngapi? – Msomaji, Tanga

Haiuzwi. Irudishe Masoko, eleza uliiokota wapi, omba radhi. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, na vitu vya namna hiyo havina ruhusa ya kuingia mfukoni mwa mtu.

Ila nataka ujue pia ulichokishika, maana naona hujui. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe kwa shaba. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili kuna maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zinaingia vina. Watu waliweka ushairi hata kwenye chenji ya sokoni! Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana katika magofu ya Great Zimbabwe, upande ilikotoka dhahabu iliyopita bandari ya Sofala, Msumbiji, na kuitajirisha Kilwa. Nyingine 5 za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 kwenye kisiwa cha kaskazini mwa Australia. Mahali sarafu ilipolala ndiyo nusu ya habari yake. Ikishakaa kabatini kwako Tanga, habari hiyo imekatika. Na wewe unayejaza vigae vya vyungu kwenye mfuko ili upambie sebule, nawe umo humuhumu. Viache chini.

Tunaweza kupigia picha za harusi juu ya kuta? – Bwana harusi mtarajiwa, Mtwara

Juu, hapana. Kando yake, ombeni kibali mapema, na msipange chochote makaburini. Chokaa ya karne nyingi haikuwekwa pale ili ibebe watu 6 na shela. Eneo hili liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, likaandikwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na limetolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta, kufyeka mimea na kupambana na bahari inayokula ufuo. Mafundi wamebeba mawe kwa mikono yao. Halafu aje mtu apande na viatu vya kisigino kwa ajili ya picha moja!

Nafundisha historia sekondari. Nikiwapeleka wanafunzi, niwasimulie kisa gani wasikisahau? – Mwalimu, Songea

Mwalimu, umenifurahisha. Wapeleke Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali na al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14. Waketishe karibu na birika la pembe nane, bahari ikiwa chini yao, uwasimulie kuhusu Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko.

Alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta sultani huyohuyo, ambaye kwa ukarimu wake watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa. Siku ya Ijumaa sultani anatoka msikitini, fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akasema atampa. "Sasa hivi," fakiri akasema. Sultani akarudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Watu wakastaajabu. Mwanawe akazikomboa nguo kwa kumpa fakiri watumwa 10. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Hapo usikimbie, mwalimu. Wanafunzi watacheka na kupiga makofi. Wewe waulize wale watu 20 walikuwa akina nani, walitoka wapi, na nani aliwauliza kama wanataka kuwa zawadi. Ukarimu ule ulilipwa kwa watu. Mimi naipenda Kilwa kuliko mji wowote wa kale niliowahi kuukanyaga, na sitaki mtoto aambiwe nusu yake. Ibn Battuta pia aliandika kwamba wengi wa wenyeji walikuwa weusi sana wenye chale usoni, na kwamba mji wao ulikuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Wasomee maneno hayo mawili kwa pamoja. Yule mwanachuo wa Dodoma naye ayasome.

Aprili kunakuwaje? – Msomaji, Dar

Masika. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya kusini wilayani Kilwa, mabasi yakakwama na abiria wake. Nenda kati ya Juni na Oktoba.

Mama yangu ana miaka 72 na magoti yanamsumbua, lakini anatamani kuuona huo msikiti kabla hajafa. Nimpeleke? – Binti yake, Morogoro

Mpeleke, mwanangu. Kinachosumbua si kuvuka, ni kushuka: maji yakipwa mashua haifiki mchangani, na mtu hutembea kwenye maji na matope. Muulize nahodha siku moja kabla maji yatajaa saa ngapi, na mpange safari kwa maji, si kwa saa yenu. Nahodha awashushe karibu na Gereza. Kutoka hapo hadi Msikiti Mkuu si mbali, aende polepole na fimbo yake, na ndani ya nguzo kuna baridi nzuri. Husuni Kubwa asiende, ni mwendo mrefu na jua ni kali. Chukueni mkeka na maji ya kunywa, mumtandikie kivulini, na mumwombe mwongozaji awaite akina mama wa kijijini. Mtamkuta bado anazungumza nao mtakaporudi, na huenda akakataa kuondoka. Nahodha mwambieni mapema kwamba asubiri.