Siku Tano Hampi

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tumeweka akiba ili Januari twende Hampi, India, kwenye magofu ya mahekalu kando ya mto Tungabhadra. Tunataka kutulia, si kukimbizana. Siku ngapi zinatosha, na tujihadhari na nini? – Msomaji, Mbale

JIBU: Januari ni chaguo zuri, dada. Aprili na Mei joto hufika nyuzi 40, na yale majabali ya granaiti hayapoi hata jua likishatua.

Kwanza kadi ya njano. India humdai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kila atokaye Uganda, nacho hutambuliwa siku 10 baada ya sindano. Anayechanjwa wiki ya safari anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, likizo ikaishia humo. Chanjweni mwezi mmoja kabla, na jina kwenye kadi lifanane na la pasipoti.

Fikeni Bengaluru, kisha mpande treni ya usiku, Hampi Express, hadi Hosapete. Vitanda huanza kuuzwa siku 60 kabla, na huisha upesi. Kutoka stesheni ni kama kilomita 13 kwa bajaji.

Kaeni siku tano. Huu ulikuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara hadi uliposhindwa vitani mwaka 1565, na mabaki yake yametawanyika mbali. Wanaoyazunguka yote kwa siku moja hurudi na picha na kichwa kinachouma. Tembeeni kabla ya saa nne asubuhi na baada ya saa kumi jioni; katikati pumzikeni.

Hekalu la Virupaksha bado ni la ibada, kwa hiyo viatu huachwa nje. Ulizeni kile chumba cha nyuma: mwanga hupenya tundu dogo, na kivuli cha mnara wa karibu mita 50 huanguka ukutani kichwa chini. Kutoka hapo fuateni njia ya mtoni, kama kilomita 2, hadi hekalu la Vittala, lenye sanamu ya gari la kukokotwa iliyochongwa kwa mawe. Nguzo zake hutoa sauti zikigongwa; msiziguse, zimeshachakaa. Tiketi ya Vittala itunzeni, siku hiyohiyo inawaingiza pia kwenye mazizi ya tembo.

Msiogelee: mto una mamba na mikondo. Nyama na pombe haziuzwi kijijini. Mkisoma sifa za nyumba za wageni za Virupapur Gaddi, ng'ambo ya mto, jueni zilibomolewa mwaka 2020. Tafuteni malazi Kamalapura au Anegundi, hapo jirani.

Machweo, pandeni Hemakuta, ni kilima chepesi. Kilima cha Matanga ni kwa mapambazuko, na ngazi zake zimevunjika: bebeni tochi, msiende peke yenu.