Re: Chakula asilia cha kuku kwa bei nafuu Dar

Habari mkuu, umesema una kuku 20 wa kienyeji uani Mbagala na chakula kisicho na kemikali kimekushinda bei. Kwanza kagua pumba zako, zishike uzinuse, zikiwa zimeganda au zinanuka uvundo achana nazo kabisa, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaua vifaranga. Mimi pumba na mashudu ya alizeti (makapi yanayobaki baada ya kukamua mafuta) nachukua Tandale sokoni, dagaa nawaosha kwanza ndo nawaanika na kusaga maana chumvi ikizidi kuku wanaharisha, majani napanda mwenyewe mchicha na mlonge pale nyuma, mboga za bonde la Msimbazi siwapi, maji ya mto ule wanayomwagilia machafu jamani. Chakula hiki nawapa kienyeji na chotara, broila sijawahi kuwajaribia.