Ukiapdeti mfumo wa watu, waambie kimebadilika nini

Wadau, leo nataka niongee na wenzangu tunaosimamia kompyuta na seva za watu hapa Dar, maduka ya Kariakoo, viofisi vya Sinza na Mwenge huko, pamoja na nyie mnaotengeneza programu zenyewe. Kwa nilivyoona mimi watu hawachukii apdeti jamani, wanachochukia ni kufika kazini asubuhi wakakuta kitu walichokiacha hapa jana leo hakipo na hamna aliyewaambia.

Kuna dada mmoja mhasibu wa duka la jumla ninalolihudumia, alinipigia siku mbili kabla ya tarehe 20, na wenye biashara mnajua tarehe 20 ni ritani ya VAT. Programu ya mauzo ilikuwa imejiapdeti usiku, kitufe cha kutoa ripoti kwenda Excel hakionekani, maelezo ya toleo jipya yameandikwa "marekebisho madogo na maboresho" basi, hamna kingine. Kitufe kilikuwepo, kimehamishiwa ndani ya menyu nyingine tu! Sentensi moja ingemwokolea asubuhi nzima, na kwa kweli iliniuma.

Kwa wanaotumia Linux hii kazi kwa sehemu kubwa imeshafanywa, tatizo hatusomi. Debian, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kila kifurushi (programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa) kinakuja na kumbukumbu ya mabadiliko yake, iko kwenye /usr/share/doc, halafu mabadiliko yanayohitaji wewe ufanye kitu yanawekwa kwenye faili la peke yake linaitwa NEWS.Debian. Sakinisha apt-listchanges, kabla apdeti haijaingia itakuwekea hizo habari mbele ya macho, na ukitaka inakutumia kwa imeili. Ushauri wangu anza na news peke yake, yaani yale ya NEWS.Debian tu, maana ukiwasha kila kitu utaletewa kurasa na kurasa na mwisho utaanza kuruka bila kusoma. Ukitaka kuchungulia kifurushi kimoja andika apt changelog openssh-server, na wa Fedora, Linux ya aina nyingine, mna rpm -q --changelog ikifuatiwa na jina la kifurushi. Na ile apdeti inaposimama katikati kukuuliza ubaki na faili lako la mipangilio au uchukue jipya, usikimbilie kujibu, bonyeza D kwanza uone mistari iliyotofautiana.

Maana mambo makubwa yanaandikwa humo humo. OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, toleo la 8.8 la 2021 ilizima saini za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kuthibitisha utambulisho, vifaa vya zamani vikaanza kugoma kuunganishwa, na ilikuwa imetangazwa wazi. Debian 12 ya 2023 ikaja na pip, kisakinishi cha vifurushi vya lugha ya Python, inayokataa kusakinisha kwenye mfumo moja kwa moja, inakutaka utengeneze mazingira ya pembeni, vijana kibao wakadhani kompyuta imeharibika.

Sasa hiyo ni ya sisi mafundi. Mtu wa kaunta usimpelekee hiyo, libssl3 imetoka namba hii kwenda ile inamsaidia nini? Mwambie kwa kazi yake anayoifanya kwa mikono. Mimi kwenye grupu la WhatsApp la ofisi natuma kitu kama hiki, mchana wakiwa bado wapo kazini:

"Habari zenu. Leo saa mbili usiku tunaapdeti programu ya mauzo. Kitufe cha Ripoti kimehamia juu kulia karibu na jina lako. Bei na stoo hazijaguswa. Kesho risiti ikigoma kutoka nipigieni kabla hamjazima mashine."

Hiyo sentensi ya bei na stoo usiiache kabisa, watu wanataka kujua na ambacho HAKIJAguswa, ndiyo inayowatuliza. Na kama apdeti wanaishusha kwa simu zao waambie ni MB ngapi, bando ni hela yao.

Kwa mnaoweka app Play Store, Google inawapa herufi 500 za kueleza kipya ni nini, na ni 500 kwa kila lugha, kwa hiyo Kiswahili kina nafasi yake pale na watumiaji wenu ni wa Mbagala na Tegeta, mnaandikaje Kiingereza kitupu tena cha "bug fixes"?

La usalama nalo msilifiche. 2024 ilipogundulika xz, programu ya kubana mafaili iliyomo kwenye Linux nyingi, toleo la 5.6.0 na 5.6.1 limepandikizwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mvamizi, swali la bosi yeyote lilikuwa moja tu, sisi tumo? Debian stable, lile toleo rasmi lililotulia, haikuwemo, lakini ili umjibu mtu kwa uhakika lazima ujue umesakinisha toleo gani na lini, na /var/log/apt/history.log inakutunzia hilo. Mafaili ya zamani ya hiyo kumbukumbu huwa yanafutwa yenyewe baada ya muda, kwa hiyo yanakilini pembeni, halafu bosi mjibu kwa maandishi kwenye grupu lile lile ili na wa kaunta wasome.