Mimi ni mwembamba, mbona kolesteroli yangu iko juu?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina miaka 36, kilo 57. Mafuta napikia kijiko kimoja, na nyama kwetu ni ya sikukuu. Juzi nimepima, LDL, ile kolesteroli mbaya, ikasoma 6.4. Daktari aliyeniona amenipa statini, vidonge vya kushusha kolesteroli, akasema huenda ni tatizo la kurithi. Baba alianguka shambani akiwa na miaka 43, akafariki palepale. Tuliambiwa ni moyo. Je, maabara haijakosea? Na haya mafuta yametoka wapi kama siyali?

JIBU: Dada, pole sana kwa baba. Umri wake ndio ulionishtua kuliko hata hiyo 6.4.

Kolesteroli iliyo kwenye damu, sehemu kubwa haitoki kwenye sahani. Mwili hujitengenezea wenyewe, na ini ndilo huizoa. Juu ya seli za ini kuna vipokezi. Kipokezi hudaka chembe ya LDL inayopita, huzama nayo ndani, huishusha, kisha hurudi juu kudaka nyingine, zaidi ya mara 100 kabla hakijachakaa. Maelekezo ya kuvitengeneza yako kwenye jeni, nakala moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Ukirithi moja mbovu, vipokezi vizima hubaki kama nusu. Hapo hata ule mchicha mwaka mzima, LDL itashuka kidogo tu.

Hali hii humpata takriban mtu 1 katika kila 300. Kwa mtu mzima tunaanza kuishuku LDL ikifika 4.9 mmol/L. Kurudia kipimo ni sawa, na mwombe daktari apime pia thairoidi (tezi ya shingoni), figo na sukari, maana thairoidi inayofanya kazi kwa ulegevu nayo hupandisha LDL. Ila dawa usiiache ukisubiri majibu.

Statini huzuia ini lisitengeneze kolesteroli yake. Seli ikiona imepungukiwa, hutumia ile nakala nzima ya jeni kutoa vipokezi vingi zaidi, na LDL huanza kuzolewa. Tunataka ishuke angalau kwa nusu. Wengi huona kipimo kimeshuka baada ya miezi 3 wakadhani wamepona, wakaacha vidonge. Hilo linaniumiza kila ninapoliona, kwa sababu jeni haijabadilika, na LDL hurudi kule kule.

Wapo pia waliozaliwa na kinyume cha hali yako. Kuna protini iitwayo PCSK9 ambayo kazi yake ni kuviharibu vipokezi hivyo. Mwaka 2006, Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Marekani, walionyesha kwamba Wamarekani weusi waliorithi nakala mbovu ya jeni ya PCSK9 walikuwa na LDL pungufu kwa asilimia 28, lakini hatari yao ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipungua kwa asilimia 88. Pengo hilo limetokana na miaka: damu yao ilikuwa na LDL ndogo tangu wazaliwe. Ya kwako imekuwa juu kwa miaka 36, ndiyo maana sitaki upoteze hata mwaka mmoja mwingine. Leo kuna sindano zinazoizuia PCSK9, kama vidonge havitoshi, ingawa bei yake bado ni kubwa.

Kama una watoto, kila mmoja ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithi. Wapimwe LDL, hasa kabla ya kufika miaka 10. Kipimo cha jeni si lazima ili kuanza tiba. Ndugu zako wa tumbo moja nao wapime mwezi huu. Na ukipanga mimba, mwone daktari kwanza kuhusu statini.

Jioni vua viatu, ushike kano la nyuma ya kisigino kwa vidole viwili. Likiwa nene au lina vinundu vigumu, mwonyeshe daktari wako. Hiyo ni kolesteroli iliyojikusanya humo. Likiwa laini na jembamba, endelea na vidonge vilevile, kwani wengi wenye hali hii hawana vinundu.